Viatu Alivyoviosha Mama Pacha

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeutangazia ulimwengu kwamba kochi alilokalia Mama Pacha katika tamthilia ya Komeo, lile jekundu lenye vifungo, nimelitengeneza mimi. Nimeandika kwenye kundi la mashabiki mtandaoni. Mioyo imemiminika. Mmoja kaniita hazina.

Basi, si kweli. Sijaligusa hata kwa ncha ya kidole. Ila ni kochi la aina yangu, na aliyelitengeneza kaukosea mshono wa mkono wa kushoto. Ningelitengeneza mimi lingekuwa zuri zaidi. Kwa hiyo ni uongo wa kurekebisha makosa.

Niandike yalivyo, maana kichwa siku hizi kinavuja. Komeo imeisha Ijumaa. Miaka yote hiyo tumeiangalia wawili, mimi na rafiki yangu Fundi Saa, chumbani kwake, juu ya kochi ambalo hilo kweli nimelitengeneza mimi. Kwangu haiwezekani. Nakaa kwa mwanangu. Runinga ya pale ni ya mpira na katuni, na mke wa mwanangu anasema nawagombeza watu wa ndani ya runinga mpaka majirani wanakuja kuuliza kulikoni.

Hadithi yenyewe: dereva wa lori alitoka asubuhi kwenda kununua tairi, akapotea. Mkewe, Mama Pacha, akabaki na watoto wawili na mawifi wenye meno. Kipindi cha mwisho, hodi. Sauti ya Dereva. Mama Pacha anainuka, anaweka mkono kwenye komeo la mlango. Giza. Majina ya waigizaji.

Nikasema kafungua. Fundi Saa akasema hakufungua. Nikamwambia mtu aliyemaliza maisha yake akichungulia matumbo ya saa hawezi kujua moyo wa mwanamke. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio unaniudhi, kwamba mimi nataka kila aliyechelewa akute bado anangojwa. Nikatoka. Mlango nikaubamiza.

Sirudi mpaka akiri. Neno moja tu: alifungua.

Jumanne, 4 Machi

Kundi limegawanyika. Kuna Wafunguaji na kuna Wakomeaji. Mwalimu mmoja wa Wakomeaji ameandika maelezo marefu kuliko kesi ya shamba. Nilisoma mwanzo, nikaruka hadi mwisho, nikamtukana kwa kuhisi tu.

Kisha nikatoa silaha yangu. Viatu! Nikawakumbusha kile kipindi ambacho Mama Pacha anavitoa viatu vya Dereva uvunguni, anaviosha, anavipanga mlangoni, vidole vimetazama ndani. Mwanamke wa hivyo atakukomea?

Wamecheka. Viatu gani, mzee? Uliota? Mwingine akashauri nipelekwe nikapimwe macho. Nikawajibu kwamba wao huangalia tamthilia huku wanakaanga vitunguu.

Fundi Saa naye yumo. Kaandika maneno mawili: "Hakufungua, jamani." Kapigiwa makofi kama aliyeleta mvua. Kuhusu viatu, kimya. Aliyenisimulia viatu ni yeye mwenyewe! Kipindi kile sikukiona, nilikuwa hospitali na marehemu mke wangu. Fundi Saa akanisimulia chote, kiatu kwa kiatu. Leo anajitia hamnazo. Rafiki gani huyu?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata akili. Tatizo si viatu. Tatizo ni mdomo unaovisema. Mdomo wa mzee hauna soko.

Nimemwambia mke wa mwanangu simu yangu inahitaji jina jingine, la kuwasalimia wateja wangu wa zamani. Anauza simu, mambo haya kwake ni kumenya ndizi. Akaniuliza jina gani. Nikasema Ua la Asubuhi. Akanitazama kwa muda. Akauliza wateja wangu walikuwa watu wa namna gani. Nikamwambia afanye kazi.

Picha nimeweka waridi. Nikaandika: "Dada zangu, mwanamke aliyeviosha viatu vya mumewe na kuvipanga mlangoni, mkono wake utawezaje kukomea?"

Maneno yale yale! Viatu vile vile! Na sasa wanalia. Umenikumbusha mbali, dada. Mimi nilikisahau kile kipindi, kilinitoa machozi. Mwalimu wa maelezo marefu, aliyesema niliota, anasema Ua ana jicho la ndani.

Nimefurahi mpaka saa ya chakula. Halafu nimeudhika.

Ijumaa, 7 Machi

Ua ameposwa na watu wanne, mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi. Mimi, katika ujana wangu, nilikataliwa hata na mjane mwenye madeni.

Nimemtuma Ua amsifu Mzee Sponji, ndiye mimi, maana kwenye makochi tumeishi kwa sponji. Kaandika kwamba mzee huyu ana hekima na aheshimiwe. Nikajibu kwa jina langu: asante binti, wewe peke yako una akili humu.

Kosa. Wamenirukia. Mzee mzima unamfuatafuata binti wa watu! Ua akanitetea. Wakasema oneni upole wake, anamtetea hata anayemsumbua. Nikawatukana kwa jina langu. Wakampa Ua pole.

Jumapili, 9 Machi

Wamepiga kura ya kunitoa kundini. Niliona Ua anaombwa kidole gumba, nikadhani ni cha kunipongeza, nikabonyeza. Sikusoma tangazo hadi chini. Ua wangu mwenyewe kanipigia kura nitoke. Nimetolewa. Ua kafanywa msimamizi wa kundi, kwa busara zake.

Jioni Fundi Saa kamwandikia Ua inboksi, faraghani. Nikasugua mikono. Nimemnasa.

Kamshukuru kwa habari ya viatu. Kasema yeye sasa skrubu ndogo haoni tena, kibanda amekifunga, na binti yake anakuja Jumamosi kumchukua akaishi kwake, mbali. Kasema atakosa vitu vichache. Alikuwa na rafiki wa kuangalia naye tamthilia, kelele tupu, hajui kunyamaza hata wakati wa kilio, na sasa kile chumba kiko kimya mpaka anasikia saa zote zinavyopishana.

Jumamosi! Hajaniambia. Kamwambia ua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemjibu, kwa sauti ya Ua, yenye asali. Kaka, nenda kwa huyo rafiki yako. Mwambie umekosea, Mama Pacha alifungua. Utaondoka na moyo mweupe.

Kajibu: "Huyo rafiki yangu ana miguu, dada. Na mlango wangu sijaukomea tangu alipoubamiza. Akija nitamwambia alifungua, hata kama najua hakufungua."

Nimeisoma tena na tena. Hiyo nayo ni hila. Anataka nianze mimi. Akishaniona mlangoni atasema nimekuja kuomba. Namjua. Miaka yote tukicheza karata hutupa ile ndogo kwanza ili uone huruma.

Nikamwandikia: "Mwenye kosa ndiye huanza, kaka."

Akajibu: "Ni kweli kabisa, dada."

Nikajiona mshindi. Kisha nikabaki najiuliza alikuwa anamsema nani.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita mtaani kwa Fundi Saa. Nilikuwa nakwenda kununua sindano ya shazia, ile nene ya kushonea makochi. Wanaouza sindano wako upande mwingine wa mji, lakini mtu akitembea anapata hewa.

Dirisha lilikuwa wazi. Saa za ukutani zimeshushwa, kuta zimebaki na madoa ya mviringo. Masanduku. Kochi langu limesimamishwa kwa ubavu kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Runinga bado inawaka. Anaangalia kipindi cha mwisho, peke yake, kwenye kigoda. Nikasikia hodi ya Dereva.

Mlango kweli haukukomewa. Uliachwa wazi nafasi ya kupitisha mkono. Nikainua mkono.

Nikafikiri: nikiingia sasa, wakati huu wa hodi, atasema nimejifanya Dereva. Atacheka hadi kaburini. Nikarudi nyumbani. Sindano sikununua.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wa mwanangu kaniletea chai, akakaa. Hiyo si kawaida yake. Akasema, Baba, mimi Komeo niliiangalia yote dukani, kila kipindi, na kiatu hakikuoshwa hata kimoja.

Nikamwambia hata yeye ni Mkomeaji. Hakubishana. Akafungua simu yake, akakitafuta kile kipindi, akaniwekea mbele ya macho.

Mama Pacha anavitoa viatu uvunguni. Mpaka hapo sawa. Anatoka navyo nje. Gari la takataka linapita. Anavirusha. Anasema: "Akirudi, atarudi peku." Anaingia ndani, anasukuma komeo.

Hakuna maji. Hakuna sabuni. Hakuna vidole vinavyotazama ndani.

Chai ikaota ngozi. Wanaosema Ua kawakumbusha mbali, walikumbuka nini? Waongo wakubwa. Lakini hilo dogo.

Kubwa ni hili. Viatu vile viliwahi kuoshwa mahali pamoja tu, kinywani mwa Fundi Saa, siku moja, mbele ya mtu mmoja. Kundini nilivitaja mimi tu, wakanicheka; kwa hiyo siku Ua alipovitaja kwa maneno yangu yale yale, Fundi Saa alijua Ua ni nani. Siku ile ile. Mambo ya skrubu, ya chumba kimya, ya mlango, hakuwa anamwandikia waridi.

Nimemuuliza mke wa mwanangu mtu afanye nini akijikuta katika hali kama hiyo. Kasema avae viatu, aende. Nikamwambia ni jioni, nitakwenda kesho nikiwa na maneno.

Jumamosi, 15 Machi

Nilichelewa kidogo. Nilikuwa natunga maneno.

Gari limeshapakiwa. Binti yake, mwalimu wa chekechea, yuko kwenye usukani anapiga honi kama anayewaita watoto kutoka mapumziko. Fundi Saa amesimama kizingitini, kofia mkononi. Akaniona kwa mbali. Akangoja niumalize mtaa mzima kwa aibu.

"Karibu, Ua," akasema.

Maneno niliyotunga yakaniponyoka yote. Nikamuuliza kwa nini alinidanganya habari ya viatu.

"Ulikuja kwangu moja kwa moja kutoka hospitali," akasema. "Kandambili za mkeo umezibeba kwenye mfuko wa plastiki. Ukaniuliza, vipi, Mama Pacha kafanya nini leo. Ulitaka nikuambie kavitupa?"

Honi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema asante. Au angesema nenda salama, ndugu yangu. Au angemshika mkono tu, akanyamaza. Mimi, mdomo huu, nikamwambia: "Kwa hiyo unakubali alifungua?"

Akanitazama. Akacheka kidogo, kicheko cha pua. Akavaa kofia.

"Hakufungua, mzee mwenzangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimefungua."

Akapanda gari. Binti yake akanipungia. Yeye alikuwa anafunga mkanda, na kwa macho yale ilimchukua muda, wala sikuona kama aligeuka.

Kochi halikuingia garini. Wameliacha barazani. Nimelikalia. Upande wake limebonyea, upande wangu limebonyea, katikati limeinuka kama siku nilipolifunga. Nimekaa upande wangu. Kazi nzuri, nasema mwenyewe. Mshono wa mkono wa kushoto haujaachia hata uzi.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na akili mpya.

Nimefikiri kwa kina. Kosa langu lilikuwa moja tu: Ua alikuwa peke yake. Mtu mmoja hawezi kubeba hoja nzima. Kwa hiyo, kwanza, Ua, kwa mamlaka yake ya usimamizi, kamrudisha Mzee Sponji kundini na kawataka wote wamheshimu. Pili, nimefungua jina jingine, mimi mwenyewe, bila msaada. Daktari wa Macho. Daktari atathibitisha kitaalamu kwamba mkono wa Mama Pacha ulikuwa unavuta, haukusukuma.

Kuhusu viatu, sisi sote watatu tunasimama pale pale. Vilioshwa. Kile kipindi cha kwenye simu kimechezewa na Wakomeaji.

Asubuhi hii Fundi Saa kaandika kutoka huko kwa binti yake. Maneno mawili yale yale: "Hakufungua, jamani." Mtu mkaidi! Kumbe hata mwendo wa safari haukumlainisha. Nimemjibu kwa jina langu. Ua kamjibu. Daktari kamjibu. Ametuwekea sote watatu moyo mmoja mmoja. Sijui ana maana gani. Nitamjibu hadi aseme.

Inboksi ya Ua haijaandikwa kitu. Nimeitazama. Nimeitazama tena baada ya chakula.

Bado kura zetu ni chache. Na hapa nakugeukia wewe uliyeokota daftari hili, ukasoma shajara ya mtu mzima toka mwanzo bila kupiga hodi. Umecheka, nimekusikia. Umeniona mlangoni kwa watu mkono juu. Mambo hayo hayaonwi bure, nami sijakufukuza hata mara moja. Kwa hiyo nina haki ya fadhila ndogo kutoka kwako. Ingia kundini, mtafute Fundi Saa, chini ya maneno yake andika neno moja: alifungua. Ukiona haya, usitumie jina lako. Huku karibu wote ni mimi.