Mikorosho Hamsini Ubaoni

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watoto arobaini na wawili wa darasa la sita, na chaki nimeishika mwenyewe. (Suruali ninayo. Afadhali ingekuwa suruali.)

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi wa kujenga. Nilikuwa. Miaka ishirini na mitano na mwiko mkononi, mpaka Salumu, msimamizi wetu kule Bagamoyo mjini, alipofunga jukwaa kwa kamba mbovu ili abanie misumari. Tulianguka watatu. Nimebaki mimi, na mguu mmoja usiokunjika. Salumu yupo, kanenepa. Namtaja ajue sijasahau.

Basi. Shule yetu ya huku ndani Kiwangwa, mwalimu wa hesabu kahama, mwingine hajaletwa. Kamati ikasema Mzee Kondo hesabu anazijua, akae na watoto kwa kujitolea. Mimi niliyeishia la saba! Nikakubali. Mtu asiyeweza kupanda ngazi hachagui kazi. Na niseme kweli, kuitwa "mwalimu" kumenirudishia uhai. (Hili nilikuwa nalificha. Sasa mnajua.)

Leo mwalimu mkuu kaja kukaa nyuma ya darasa na daftari lake, aone kama nafaa, aiambie kamati nibaki au nirudi barazani na mguu wangu. Mama yule hacheki. Meno yake sijawahi kuyaona.

Somo: uwiano. Kwangu mchezo! Nikawaambia watoto zege ni moja, mbili, nne. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Jumlisha mafungu, ni saba. "Ukiyajua mafungu," nikasema, "hakuna wa kukudhulumu." Mwalimu mkuu akaandika kitu. Nikavimba.

Hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Badala ya kutoa swali la kitabuni, nikatunga langu. Nikaandika ubaoni:

"Baba amefariki, mama alishatangulia. Wameacha mikorosho 50. Ramadhani amechukua 27, mdogo wake amepata 23. Ramadhani amedhulumu mingapi?"

Ndiyo, Ramadhani ni kaka yangu. Ndiyo, mdogo wake ni mimi. Miaka kumi na moja mikorosho ile miwili imenikaa kooni. Sijala pilau kwake hata Idi. Kijiji kizima kinajua, nikaona na la sita wajue.

"Miwili!" darasa zima. Raha iliyoje! Jibu langu lilelile, kwa sauti arobaini na mbili.

Arobaini na moja. Mkono mmoja ulikuwa juu. Zuhura, dawati la mbele.

"Mwalimu, marehemu hakuacha mtoto wa kike?"

"Swali halijasema."

"Ndiyo nauliza, mwalimu. Madrasa tumefundishwa mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja."

"Yupo mmoja," nikasema. (Kwa nini nilijibu? Kwa nini?) "Ila huyo ameolewa."

"Kwani kuolewa ndiyo kufa?" sauti ikatoka nyuma. Darasa likapasuka.

"Zuhura, njoo ufanye," akasema mwalimu mkuu. Mimi sikuulizwa.

Akaja, akanitoa chaki mkononi. "Ni kama zege la mwalimu," akawaambia wenzake. "Mbili, mbili, moja. Mafungu matano. Hamsini gawanya kwa tano, kumi. Kila kaka ishirini, dada kumi." Akapiga mstari. "Ramadhani kazidisha saba. Mdogo wake kazidisha mitatu. Saba na mitatu, kumi. Ya dada ndiyo hiyo, wamegawana wote wawili."

Akanigeukia. "Nimepata, mjomba?"

Mjomba. Hakusema mwalimu.

Zuhura ni mtoto wa dada yangu Mwanahawa. Yumo darasani kwangu tangu Januari, kila asubuhi ananiamkia, na wakati natunga lile swali hakunijia akilini hata chembe. Angenijiaje? Mama yake mwenyewe sijamhesabu miaka kumi na moja. Na Mwanahawa ndiye aliyeniogesha miezi minne nilipovunjika. Ramadhani hakuja. Salumu hakuja. Alikuja yule "aliyeolewa."

Nikaweka vema. Ikatoka imepinda kama ndoana.

Mwalimu mkuu akafunga daftari. "Mwalimu Kondo, somo limeeleweka. Utaendelea. Ila masahihisho utafanya wewe." Meno yake nimeyaona leo. Ni mazuri tu.

Hapa nilipo niko shambani na kopo la rangi nyeupe. Mikorosho mitatu nimeshaipiga alama, yote inazaa. (Wa kwanza niliouchagua ulikuwa mkavu. Nikaona aibu, nikafuta.) Nikitoka hapa naenda kwa Mwanahawa, na sijui nitaanzia wapi.

Jamani, msicheke. Na wewe Ramadhani ndiyo usicheke kabisa. Mimi nadaiwa mitatu, wewe saba.