Supu ya Ubongo Kabla ya Kumwona Mzee Amiri

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekwisha! Faudhia kasema baba yake, Mzee Amiri, anataka kuniona Jumamosi huko Kisarawe kabla ya kujibu posa yangu. Mimi, fundi wa maabara ya shule! Mbele ya mkuu wa shule tu natetemeka hadi chupa za maabara zinagongana mikononi. Na Hashiru mwenye duka la mabati naye kaposa. Hashiru hatetemeki. Sijala.

Jumanne, 12 Agosti
Njia imepatikana! Faudhia, anayefundisha baiolojia shuleni kwetu, kawaeleza walimu wenzake kwamba ndani ya ubongo na uti wa mgongo mna vimeng'enya vinavyotengeneza steroidi, aina ya homoni, humo humo, na baadhi yake hutuliza hofu. Wengine wakauliza kama itatoka kwenye mtihani. Mimi nikawaza mbuzi. Mbuzi ana ubongo. Na uti wa mgongo anao!

Alhamisi, 14 Agosti
Nimenunua vichwa na uti buchani, Maili Moja. Muuza nyama kauliza kama nina shughuli. Nikamjibu ni utafiti. Faudhia kagundua, kaja juu. Eti vimeng'enya ni protini, tumbo litavisaga kama maharage, na moto unaviharibu kabla hata sijameza. Hilo la moto limenitisha. Nitachemsha kidogo tu.

Jumamosi, 16 Agosti
Bakuli mbili za supu asubuhi. Bado nyekundu kidogo. Tumbo likaanza kunguruma kabla sijafika Kisarawe. Nikatoa shikamoo, mzee akaitikia, pilau likaletwa. Ile harufu ya mafuta! Mzee akauliza, "Kijana, binti yangu utamtunza vipi?"
Nikajibu, "Choo kiko wapi, mzee?"
Pilau sikuligusa. Mama mkwe, kama bado ni mama mkwe, alininywesha maji ya chumvi na sukari huku akinipepea kwa kanga. Aibu! Hashiru atacheka hadi asikike Dutumi.

Jumapili, 17 Agosti
Faudhia kapiga simu. Niliogopa kupokea. Mzee kakubali! Hashiru alipokwenda alikalia kiti cha mzee na kuponda paa lake. Mimi, kasema mzee, angalau namheshimu mtu hadi kuugua. Faudhia kaniapisha nisirudie uchafu ule. Nimeapa.

Lakini supu imefanya kazi! Na siku ya ndoa ukoo mzima utanikodolea macho. Mbuzi hatatosha. Nimeagiza kichwa cha ng'ombe.