Simu Ndani ya Mzinga

Jumatatu, 4 Agosti
Siku tano tu nipeleke mahari kwa kina Kananu! Mbuzi tayari. Asali tayari. Shati tayari. Kilichobaki ni mjomba wake, Mutembei, dereva wa lori huko Kuwait. Ndiye aliyemsomesha. Baba yake Kananu, Mzee Kiunga, amesema waziwazi kwamba mjomba asipouona uso wangu kwenye video na kukubali, hakuna asali itakayoonjwa. Nikamwambia asijali, mimi ni fundi wa redio, mambo ya mtandao aniachie. Nimeshinda bondeni kwake nikipima mtandao. Picha moja ya mbuzi imechukua saa mbili kutoka.

Jumanne, 5 Agosti
Kananu ana wazo. Koome, mwenye duka kule juu sokoni, ameweka waifai. Wazee wapande huko nusu saa, mjomba anione, basi. Koome ameshakubali, tena bila malipo. Bila malipo! Koome huyuhuyu aliyemwandikia Kananu barua tukiwa darasa la nane! Nimekataa. Nikasema mahari haiamuliwi katikati ya unga na sabuni. Kananu akaondoka bila kuniaga.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata! Nyuma ya boma la Mzee Kiunga kuna mti wa muringa. Nilipanda na simu yangu ya zamani, ikasoma mistari mitatu ya mtandao. Basi simu hiyo itabaki juu, irushe waifai hadi chini. Mvua je? Huko juu kuna mzinga wa gogo. Mzee aliupaka nta mwezi jana, anangoja nyuki wahamie. Mkavu, mtupu, haukodishwi. Nimeingiza simu na pawabenki ya kuichaji niliyoinunua Kinoru. Tumejaribu video ya kwaya, ikacheza mwanzo hadi mwisho. Karibu nilie! Nimezima kila kitu, nitapanda kuwasha Jumamosi. Kananu akiwa chini aliuliza, je, nyuki wakija? Nikamwambia wamengojwa mwezi mzima, hawawezi kuchagua wiki hii.

Jumamosi, 9 Agosti
Wazee wa pande zote wameketi. Mzee Kiunga akatangaza kwamba kijana anapanda kuleta mtandao. Nikapanda na shati jipya, watu wote wakinitazama. Nikaingiza mkono.

Walikuwa wamehamia.

Sitaandika yote. Niliteremka kwa njia fupi. Wazee ambao asubuhi walikuja na fimbo walikimbia bila fimbo. Mzee Kiunga peke yake ndiye aliyefurahi, maana kundi kubwa namna hiyo hajalipata miaka mitatu. Aliniuliza kwa wasiwasi kama sijamuumiza malkia.

Kananu hakuniuliza kitu. Aliwaongoza watu wote hadi dukani kwa Koome, mimi nikishikwa mkono kwa sababu sikuona njia. Mjomba akatokea safi kabisa. Walisema hata vifungo vya shati lake vinahesabika. Koome akaniwekea kiti mbele, akanifuta uso kwa kitambaa chake. Simpendi!

Mjomba akaomba simu isogezwe karibu na uso wangu.

"Si mliniambia kijana ni mwembamba?" akasema. "Sasa huyu mliyeniletea ni nani?"

Kananu akamweleza. Mjomba akanipa pole sana. Lakini akasema hawezi kumtoa mtoto wake kwa uso ambao hajauona. Uvimbe ushuke, tuongee tena baada ya wiki mbili. Nimerudi na mbuzi wangu. Asali haikufunguliwa. Nililia njia nzima, na kila mtu alidhani ni nyuki.

Jumatatu, 11 Agosti
Jicho la kushoto limefunguka. Kananu ameniletea uji, akaketi kando ya kitanda.

"Mwirigi, mimi nataka kuolewa," akasema. "Twende tu kwa Koome."

Nikamshika mkono, nikamwambia ndiyo. Nampenda huyu msichana, na nilimaanisha.

Alipoondoka nikafikiri kwa utulivu. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mti. Mti una nyuki. Mnara wa kengele wa kanisa hauna. Tena ni mrefu kuliko muringa, na unatazamana na boma la Mzee Kiunga moja kwa moja. Padri huenda Meru mjini kila Jumatano. Ngazi inayofika huko juu iko kwa Koome peke yake. Kesho nitamwambia napaka nyumba rangi.