Mwizi wa Mke Wangu Yuko Darasa la Pili

Jumatatu, 12 Mei
Siku Mungu alipogawa bahati, mimi nilipita mara mbili. Mjukuu wangu Jonathan anasoma darasa la pili Morogoro mjini, na haipiti jioni bila kunipigia simu. Haipiti! Jirani yangu Ahmadi ana wajukuu tele na wote wanadhani alishakufa. Nilimweleza hayo akiwa anachuma pilipili manga. Aliendelea kuchuma. Wivu.

Habari kubwa: Alhamisi shuleni kwa Jonathan ni Siku ya Mababu na Mabibi. Kila mtoto atasimama mbele na mzee wake, amtambulishe. Mzee mmoja tu, viti havitoshi. Nimeshapiga pasi suruali.

Jumanne, 13 Mei
Pigo. Mwanangu Hashimu anasema kiti ni cha Wilfred. Wilfred ni baba wa Angelina, mke wa Hashimu. Mstaafu wa shamba la miwa. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwa mtoto, humpeleka shule asubuhi, humfungia kamba za viatu. Hata jina la Jonathan alichagua yeye, mimi siku hiyo gari liliniacha. Nikamuuliza Hashimu tangu lini ubabu ukawa kamba za viatu. Nitamnunulia mtoto makubazi, tuone huyo mzee atafunga nini.

Hashimu akasema nije tu nyumbani ninywe chai, shuleni nimwachie Wilfred. Chai! Mimi niliyepanda treni Kisaki nikashukia Zambia! (Mwaisha, mke wangu, hupenda kuongeza kwamba nilikuwa nashukia Ifakara ila nililala.)

Jumatano, 14 Mei
Akili imefanya kazi. Nimempigia Wilfred, nikamsalimia kwa adabu zote, nikamwambia nimesikia shughuli imesogezwa Ijumaa. Alinishukuru sana. Akasema atauliza, ingawa inamshangaza kidogo, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti wa maandalizi na hivi sasa yuko shuleni anapanga viti.

Nikasema mtandao unakatika.

Mpango wa pili: fenesi. Mjini fenesi wanauziwa vipande kwenye vifuko. Mimi nitaingia na zima, kubwa kuliko mtoto mwenyewe, nilipasue mbele ya walimu. Mtoto akiona vile atamkumbuka Wilfred wa nini? Panga nimenoa. Mwaisha alitaka kwenda yeye. Nikamwambia magoti yake hayataki safari. Magoti hayakuulizwa. Akanionya utani wangu niuache huku huku Kinole, watu wa getini hawanijui. Mimi! Nani hanijui?

Alhamisi, 15 Mei
Mlinzi wa geti hanijui.

Nilifika kwa bodaboda, fenesi katikati yangu na dereva, moyo mweupe kabisa. Nikashuka. Panga mkononi, maana mfuko ulishagandana na utomvu. Nikaanza kama babu yeyote mwenye mjukuu wa kiume anavyoanza. "Yuko wapi Jonathan? Amenichukulia mke wangu, leo namtoa roho!"

Mlinzi anaitwa Kasimiri. Kijana wa kazi, sina la kumlaumu. Alichukua panga, akafunga geti, akapuliza filimbi. Watoto wakaingizwa madarasani. Kumbe shule ina mwalimu wa hisabati anayeitwa Jonathan. Huyo alikimbilia chooni na kujifungia, na nilipoondoka alikuwa bado hajatoka. Sijui mwenzetu ana kesi gani.

Nilikalishwa chini kando ya fenesi. Nikaeleza kwamba Jonathan wangu hajaota hata meno ya mbele. Mwalimu Agnes, mkuu wa shule, akamleta. Shati limechomekwa, kamba za viatu zimefungwa vizuri, nakiri. Akamuuliza kama ananijua.

Mtoto akatikisa kichwa. "Simjui."

Jua lilikuwa kali. Nikamwambia mimi ni mume wa bibi Mwaisha.

"Bibi Mwaisha ni mke wangu," akasema. "Mwizi ni wewe."

Kasimiri alicheka mpaka akashika geti. Mimi nilijifanya utomvu umeniingia machoni. Damu yangu ile! Hakufundishwa na mtu wa kamba za viatu.

Wilfred akatoka, Kaunda suti imenyooka kama ubao. Akamwambia Mwalimu Agnes, "Mama, huyu ni mkwe wangu. Mdomo wake ndio panga, hilo lingine ni la matunda." Akaniingiza ndani, akanigawia nusu ya kiti chake. Nusu ndogo.

Zamu yetu ikafika. Jonathan akasimama mbele ya wazazi wote. "Huyu ni babu yangu Wilfred. Na huyu ni mume wa zamani wa bibi Mwaisha." Makofi. Nilisimama nikapunga mkono. Wilfred hakupungiwa hata na kuku.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemweleza Ahmadi kwamba mjini nimepokelewa na ulinzi. Ameuliza kama ni kweli. Kweli tupu.

Hashimu amesema mahafali ya Desemba nije mikono mitupu. Mikono mitupu! Nimeshamfikiria beberu wa shangazi yake. Nitaingia naye mpaka jukwaani na kudai mahari yangu irudishwe.

Jioni Jonathan akapiga. Akauliza kama yule mwizi amefika salama. Mwaisha akaniashiria nimjibu. Nikamtikisia kichwa. Babu wa heshima hapatikani kirahisi hivyo, aulize kwanza mara mbili tatu. Hakuuliza tena. Wakaongea habari za jino.

Kwa hiyo, yale niliyoandika Jumatatu ni uongo. Mtoto hanipigii mimi. Anampigia Mwaisha. Kwetu mtandao unashika juu ya kichuguu tu, na mimi ndiye ninayepanda kushika simu, spika wazi, yeye akiongea kutoka chini.