Vita vya Nyuzi Tano kwenye Wodi ya Wazazi

Enyi mnaotazama pembeni, mliopita chini ya dirisha la wodi mkasikia mzazi akihema kama mvukuto, mkaanza ghafla kuvikagua viatu vyenu: geuzeni shingo. Nawakumbuka mmoja mmoja. Sikilizeni habari kuu ya Mhandisi, simba jike wa vipimo, aliyepanda kiti.

Viyoyozi vya kwanza vilizidiwa na joto. Wazazi wakazimia, Mkunga akiwapepea kwa kifuniko cha sufuria. Vipya vilikaribia kuagizwa, na Mkuu wa Mradi, sultani wa feni ya mezani, alikadiria ukubwa wake kama mwanzo: kwa takwimu za uwanja wa ndege, kule mlimani, ambako upepo huwavua watu kofia.

"Joto la mji ni hilo," akanguruma. "Limeandikwa."

"Mzee, uwanjani hajifungui mtu. Wodi imebanwa kati ya mabati na tanuri la mikate. Tupime hapa," akajibu Mhandisi.

Basi akatwaa kipimajoto, akakikwea kiti kilichotikisika kama jino la kikongwe, akapigilia msumari ukutani nje, na mbu wakatawanyika kama jeshi lililofiwa na amiri. Mkunga, mke wa kaka yake, akachungulia dirishani.

"Wifi, shujaa wangu, umekitundika mdomoni mwa kiyoyozi cha zamani. Kinapuliziwa moto. Utatuagizia mtambo wa kugandisha tembo."

"Kaka yangu alikuoa kwa ulimi huo?"

"Kwa upishi. Shuka, uhamie kivulini."

Akashuka. Akapanda tena, kivulini, penye hewa. Siku zote za kilele cha joto akapima alasiri, akalinganisha na vipimo vya uwanjani vya saa ileile: wodi iliuzidi mlima kwa nyuzi tano. Mkuu akaja kubisha, akasimama kidogo kando ya vitanda, shati likamganda mgongoni.

"Haya," akasema, akijifuta shingo. "Ongeza hizo tano."

Mhandisi akaziongeza, kalamu ikapita karatasini kama upanga alani. Mitambo ikaja kwa kipimo kipya, na adhuhuri moja, mabati yakilia kwa jua, mzazi akatamka neno ambalo vizazi vitalirithi:

"Jamani, hakuna shuka jingine? Nasikia baridi."

Nawe bado umekaa? Mtaani kwako kuna zahanati, kuna darasa, kuna mkuu anayekaribia kusaini. Inuka sasa hivi, uingie bila kubisha hodi, umuulize: joto hilo mmelipimia wapi?