Wiki ya Kugombea Ventilateri

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Joto saa nane mchana: nyuzi 34 (kipimo cha stoo ya mafuta). Vitambaa vya jasho vilivyolowa: vinne.

Madamu Agnesi amebandika tangazo. Ni mkurugenzi wetu mpya hapa ofisi ya ushirika wa mawese, ana wiki tatu tu. Ametoka Gitega, huko milimani ambako watu hunywa chai wakiwa wamevaa sweta. Tangazo linasema wafanyakazi wote waje na koti, wanaume na kravate, ile tai ya shingoni, na koti halivuliwi hadi saa ya kutoka. Hajaijua Rumonge, huku chini kando ya ziwa. Mwezi huu hata mawese hayagandi kwenye dumu.

Lakini iko habari njema. Imekuja ventilateri, ile feni ya kusimama, bado imevaa nailoni yake. Moja tu, kwa meza tatu. Madamu anasema ataiweka kwenye meza ya mtu atakayevaa vizuri kuliko wote hadi Ijumaa alasiri bila kulalamika.

Meza tatu ni yangu, ya Raisa wa stoo na ya Revokatus wa takwimu. Raisa namwondoa, hana tamaa. Amebaki Revokatus. Tatizo la Revokatus ni kwamba hatoki jasho. Nimemchunguza miaka mitatu. Leo alivaa koti la sufu, akafunga vifungo vyote, akaniangalia shati langu, akaniuliza kwa upole: "Kaka Shafii, huko mtaani kwenu mvua imeanza?"

Raisa alicheka hadi akapoteza hesabu ya madumu.

Ile ventilateri lazima iwe yangu. Nimeanza kupanga.


Jumanne, 16 Septemba
Joto: 34. Vitambaa: viwili (lakini soma hapa chini).

Mpango wa kwanza: baridi ya kutoka nayo nyumbani. Dada yangu Zena anauza samaki sokoni, ana sanduku kubwa la barafu. Jana jioni nilikunja shati jeupe, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikalizika chini ya sangala wake. Asubuhi nikalichomoa. Limekakamaa kama ubao. Nikalivaa, nikatia koti juu. Sijawahi kuiona Rumonge nzuri kiasi hicho. Nilitembea nikitetemeka, nikiwaonea huruma wapita njia.

Hadi saa tatu mambo yalikuwa mazuri. Saa tatu na nusu shati likayeyuka. Mfuko ulikuwa na tundu.

Raisa aliuliza nani ameleta samaki ofisini. Revokatus akasema hajui, ila harufu inatoka upande wa utawala. Utawala ni mimi. Paka wa stoo, ambaye hajawahi kunisalimia, alikuja akakaa chini ya meza yangu siku nzima. Mchuuzi mmoja wa Magara aliyeleta karatasi zake kupigwa muhuri alinisalimia "amahoro," akavuta pumzi, akauliza kama mukeke, wale samaki wadogo wa ziwani, iko ya leo au ya jana.

Nilimjibu kwamba hapa tunashughulika na mawese. Akanikonyeza, akasema ameelewa, atapitia mlango wa nyuma.

Jioni Zena naye alilalamika. Anasema sangala wake wananukia sabuni.


Jumatano, 17 Septemba
Joto: 35. Vitambaa: kimoja. Watu walionisindikiza: kumi na mmoja.

Nilisoma tangazo upya, neno kwa neno. Koti, lipo. Kravate, ipo. Suruali, haikutajwa popote. Na kuna vazi gani linalopitisha hewa kama kanzu? Nikavaa kanzu nyeupe ya Idi, kravate shingoni, koti jeusi juu. Ili mambo yakamilike nikatia kofia mpya ya kushonwa. Nilijitazama kiooni. Safi kabisa.

Kosa langu lilikuwa siku. Ingekuwa Ijumaa hakuna ambaye angegeuka. Lakini kanzu na koti jeusi siku ya Jumatano asubuhi, mtaani kwetu ina maana moja tu.

Mama Mariyamu, anayekaanga vitumbua mlangoni pake, aliangusha mwiko akapiga vigelegele. Mzee Asmani wa msikitini akatoka na fimbo yake, amekasirika. Tangu lini nikahi ya mtoto wa mtaa inafanywa kwa siri? Nilimwambia naenda kazini. Akasema kila bwana harusi husema upuuzi asubuhi hiyo, ni woga, hata yeye alisema anakwenda kununua chumvi.

Nikamwomba arudi. Akakataa. Bwana harusi haendi peke yake kama mbuzi aliyekata kamba, alisema, na kama nyumbani kwetu hakuna aliyelijua hilo, basi mtaa unalijua. Wakajiunga. Kufika barabara ya soko walikuwa kumi na mmoja na dufu moja.

Tukaingia ofisini. Mzee Asmani alimsalimia Madamu kwa adabu nyingi, akamshukuru kwa mapokezi, akaomba aonyeshwe walii wa bibi harusi. Madamu akauliza bibi harusi yupi. Mzee akatazama chumba kizima. Raisa ana mume, na mume wake ni mpwa wa Mzee. Basi macho yakarudi kwa Madamu. Mzee akatabasamu. Akasema bibi harusi ni mtu mzima mwenye kazi yake, hiyo nayo ni kheri, umri si kitu.

Revokatus alilaza kichwa mezani. Mabega yalikuwa yanaruka.

Ilichukua nusu saa kueleza. Raisa alipika chai, maana watu waliokuja na dufu huwezi kuwarudisha na koo kavu. Waliondoka wamefurahi. Mzee Asmani aliniambia mlangoni nisikate tamaa, yule mama ana sura ya huruma.

Madamu alisema koti langu ni zuri. Halafu akachukua kalamu, akaongeza kwenye tangazo: *na suruali.*

Zena alirudi kutoka sokoni akiwa ameshasikia kwamba nimemuoa mkurugenzi. Alikuwa ametenga sangala mkubwa kwa ajili ya karamu. Tumemla hivyo hivyo.


Alhamisi, 18 Septemba
Joto: 35. Vitambaa: sita. Hali mbaya, lakini nimepata wazo.

Leo nilivaa koti la kawaida nikaumia kama watu wengine. Revokatus kavu. Ametangaza kwamba kesho atavaa na kizibao ndani ya koti, vipande vitatu, kama siku ya harusi yake. Raisa akamwambia asisahau blanketi.

Saa saba, nikiwa nimekaribia kuzimia, macho yangu yaliangukia picha ya mwanzilishi wa ushirika, pale ukutani. Koti zuri, kravate nzuri, uso mkavu. Nikajiuliza: nani amewahi kuuona mgongo wa mtu huyu?

Meza yangu iko ukutani. Nakaa mgongo ukutani, uso kwa wenzangu. Kwa saa nane kwa siku mimi pia ni picha. Sasa mgongo wa koti unafanya kazi gani, zaidi ya kunipika?

Baada ya kazi nikaenda kwa Clever, fundi cherehani wa sokoni. Nilimchorea kwa rula: kola, kifua cha shati, kravate, mbele ya koti na mikono yake, vyote vimeshonwa pamoja. Nyuma hakuna kitu, ila kamba mbili za kufunga. Clever aliigeuza karatasi juu chini. Aliniuliza kama niko na homa. Kisha akacheka, akachukua lile koti langu jeusi na mkasi. Ndani ya saa mbili kazi imekwisha.

"Iko tayari, kaka," alisema. "Mbele iko waziri, nyuma iko ziwa."

Nimelijaribu nyumbani. Upepo unapita mgongoni kama mkono wa mama. Zena alinitazama kwa nyuma, akaenda zake jikoni.


Ijumaa, 19 Septemba
Joto: 36. Vitambaa: sifuri!

Niliingia wa kwanza, saa moja kasorobo. Nikakaa. Raisa aliponiomba faili la kabatini, nilitembea upande upande kama kaa, nikarudi vivyo hivyo. Aliuliza kama mgongo unauma. Nikasema kidogo.

Saa ya swala nilipita kando ya kuta hadi msikitini, nikasali safu ya mwisho, nyuma yangu ukuta. Mzee Asmani aliusifu unyenyekevu wangu. Kijana mwenye harusi karibu, anasema, hubadilika.

Revokatus alikuja na vipande vyake vitatu. Kabla ya swala, saa tano na dakika kumi na mbili, niliona tone. Moja, kwenye nyusi ya kushoto. Likashuka hadi kidevuni. La pili likafuata, kisha bomba likafunguka. Saa sita kasorobo alisimama, akavua koti, akavua kizibao, akanipa mkono kama mwanamume. Nilimpa mkono bila kuinuka.

Saa tisa Madamu alitoka ofisini kwake. Alisema kwa wiki tatu ametafuta mtu mmoja Rumonge anayeweza kuvaa koti kwa heshima, naye leo amempata. Raisa alipiga makofi. Hata Revokatus. Nilisema murakoze, yaani asante, mgongo ukiwa ukutani.

Halafu wakaileta ventilateri. Nilikuwa sijafikiria soketi. Soketi ni moja tu, iko ukutani, nyuma yangu, na waya wa ventilateri ni mfupi.

Madamu mwenyewe aliitoa nailoni. Alibonyeza namba tatu.

Nilisikia kamba ya juu inafunguka. Kravate ilinipiga usoni. Kisha nguo yote ikainuka kwa mbele kama tanga, kola, kifua, koti na vifungo vyake, ikasimama hewani imeshikwa na mikono na kamba ya chini tu. Nilibaki na ngozi, mbele ya wenzangu, huku vidole vya Raisa vikiwa mdomoni.

Madamu alizima ventilateri. Alizunguka meza, akautazama mgongo wangu, akaitazama ile kamba moja iliyobaki, iliyofungwa kama ya zawadi. Kisha akageukia ukuta akakaa hivyo muda mrefu, mabega yakitetemeka. Nadhani alikuwa analia. Alipogeuka aliniuliza jambo moja tu: jina la fundi. Akaliandika.

Ventilateri imewekwa katikati ya chumba. Inazunguka. Inanifikia mara moja kati ya tatu.


Jumamosi, 20 Septemba
Joto: sijapima. Nilikuwa na shughuli.

Baada ya kazi za jumuiya nilikimbia kwa Clever kumwonya ajifiche, Madamu anamtafuta. Nimechelewa. Ameshafika asubuhi. Clever anasema Madamu aliuliza kama lile koti linashonwa hata kwa wanawake, akaagiza moja la rangi ya kijivu. Sielewi. Labda ni ushahidi.

Nikiwa bado pale Raisa akanipigia simu. Tangazo limebadilishwa. Kuanzia Jumatatu makoti yanatundikwa kwenye msumari, ni ya wageni tu. Shati jepesi linatosha. Anasema Revokatus amefurahi hadi amenitetea: bila mgongo wa Shafii tungekufa wote.

Nimeifikiria wiki nzima kwa utaratibu. Kosa lilikuwa moja tu: upepo ulitoka nyuma na koti liko juu. Chini upepo haufiki, meza inakinga. Tena tangazo jipya halisemi lolote kuhusu suruali ila kwamba iwepo.

Clever amenipima suruali. Alicheka hadi akakaa chini, lakini itakuwa tayari kesho. Mbele kitambaa cha bluu, mkunjo mkali, kamba tatu badala ya mbili. Nyuma, ziwa.

Madamu amenitumia ujumbe. Jumatatu wanakuja wageni wa Bujumbura, anataka niwaeleze ramani ya mashamba ya Gatete. Kazi ndogo. Nitasimama ubaoni dakika kumi, nachora tu, kisha narudi kukaa.