Vita vya Chupa ya Jamu ya Bisimwa

Jongeeni, enyi wakimbizi mliopanga foleni bombani katika kambi ya Dzaleka, tueni ndoo mnisikilize, maana nawasimulia vita ambavyo redio haikuvitaja, yenyewe ikiwa imeshughulika na vile vya Kongo. Wapiganaji walikuwa maelfu, na wote waliishi ndani ya chupa ya jamu.

Mwenye chupa ni Bisimwa wa Bukavu, mlinzi wa visivyoonekana, fundi wa maabara kabla hajawa mpanga foleni kama sisi. Mwalimu mmoja wa Lilongwe alimwazima hadubini kuukuu, akaapa kwamba akiletewa Jumatatu maji ambamo viumbe wadogo wamewaponyoka walaji wao, kazi ya maabara ya shule ni yake. Shujaa akachota maji ya dimbwi, akawachemshia wadogo punje za mchele, akalaza tope la majani chini, ndipo akawamwaga ndani ya chupa walaji, majitu yenye mdomo na tumbo tu. Siku tatu walichinja. Jamani, walikula mpaka mimi mtazamaji nikaona haya!

Jumapili baada ya misa akaja Annonciata wa kamati ya afya, kitisho cha kipindupindu, klorini mkononi, ambaye hakuna ndoo iliyowahi kumponyoka. Amri ilikuwa moja: maji yoyote yaliyolala ndani ya nyumba yatiwe dawa. Na Bisimwa, msomi wetu, akamweleza kwa fahari kwamba yale yamejaa wadudu na yeye ndiye anayewalisha. Mwaka wa kipindupindu! Annonciata akahutubu mpaka majirani wakajaa mlangoni, kisha akafungua chupa. Bisimwa akapiga magoti, akamsihi atazame mara moja tu kabla ya kuua.

Akatazama.

“Mi naona badogo tu. Bale bakubwa iko wapi?”

“Balimaliza chakula, Mama. Balikufa na njaa.”

“Na hawa?”

“Njo bale balikuwa banakuliwa. Bachache balijificha mu matope kule chini. Sasa banatoka.”

Annonciata, ambaye wakati wa vita vya Kongo alijificha na wanawe katika matete ya Fizi majuma mawili, akaifunga chupa. Aliirudisha klorini mfukoni.

Kazi Bisimwa aliipata. Lakini andikeni pia, enyi waandishi wa zama, kwamba Jumatatu asubuhi, juu ya gari la mizigo lililosheheni abiria wa Lilongwe, aliyeipakata chupa ile njia nzima alikuwa Annonciata, na yeye akamwambia polepole kila aliyemsukuma:

“Musitikise. Mu chupa muko bantu.”